Mzabibu Katika Nchi ya Kiu

Neno zabibu lilifika pwani yetu likiwa kavu. Kwa Kiarabu, zabib ni tunda lililokwisha kuanikwa juani likasinyaa; lile bichi huitwa inab, na jina hilo halikupanda jahazi. Sababu haifichiki. Tunda bichi la mzabibu lingeoza kabla chombo hakijafika nusu ya bahari, lakini lililokaushwa lilisafiri kutoka Uarabuni hadi Unguja ndani ya gunia, likashuka salama, likatiwa kwenye pilau. Wazee wetu wakalipa tunda jina la kile walichokiona dukani. Baadaye sana, tunda bichi lilipoanza kuonekana huku kwetu, jina lilikuwa limekwisha kukaa. Ndiyo maana leo tunasema "zabibu kavu", na kwa kusema hivyo tunalianika neno mara ya pili.

Mvinyo nao una bandari yake: ni vinho ya Wareno. Divai ni du vin ya Wafaransa, na tangu mwanzo imekaa zaidi midomoni mwa mapadri. Majina yote matatu yaliingia kwa njia ya bahari. Mmea wenyewe haukukaa baharini. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi mno kwake, na ukungu humaliza majani kabla tunda halijapata utamu. Mzabibu ulipanda bara, ukapita Morogoro na milima yake, ukaja kutulia kilomita 450 hivi kutoka Dar es Salaam, katika nchi ambayo misafara ya karne ya 19 iliiogopa kwa kiu kuliko nchi nyingine yoyote ya njiani.

Nchi hiyo ni Ugogo. Nimekuwa nikiifuatilia habari ya mizabibu yake kwa sababu naamini inatufundisha jinsi ya kuisoma ardhi yetu, jambo ambalo watawala waliofuatana walishindwa kulifanya.

Chukua ramani ya Tanzania uweke kidole katikati. Hakitakuwa mbali na Dodoma. Upande wa mashariki imesimama milima ya Ukaguru na Rubeho. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huja zimebeba mvuke, hugonga milima hiyo na kumwaga mvua upande ule wa bahari, ndiko iliko misitu na vijito visivyokauka. Zikivuka kilele zinashuka Ugogo zikiwa hazina kitu. Dodoma hupata takriban milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, zote katika msimu mmoja unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Miezi saba iliyobaki ni jua, upepo na vumbi. Mito ni ya msimu. Kinyasungwe huelekea mashariki hadi kuungana na Wami, Kizigo hushuka kusini kuelekea Mtera, na Bubu huishia katika mabwawa ya Bahi bila kuiona bahari kamwe. Watu wanaochimba mchanga wa vitanda vya mito hiyo mwezi Septemba kutafuta maji wanaijua jiografia hii kuliko kitabu chochote.

Lakini uwanda huo uko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mchana wa Juni jua linawaka, na usiku unapoingia joto linashuka hadi karibu nyuzi 13, watu wanajifunika mablanketi. Udongo mwingi ni wa kichanga, mwekundu au wa kahawia, uliomomonyoka kutoka kwenye vilima vya mawe ya itale vinavyochomoza hapa na pale kama migongo ya tembo. Maji hayatuami humo. Mahindi yanaulalamikia udongo huo. Mzabibu unaupenda, kwa sababu mizizi yake hushuka chini kutafuta unyevu, na unyevu ukiwa haba tunda huwa dogo, lenye ganda gumu na sukari nyingi.

Vitabu vya kilimo cha mizabibu huichora dunia kwa mikanda miwili, mmoja kaskazini na mwingine kusini, kati ya nyuzi 30 na 50 za latitudo. Humo mna Ufaransa, Italia, Chile, na Rasi ya Afrika Kusini ambako mvinyo wa kwanza ulikamuliwa mwaka 1659. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Kwa kanuni za vitabu hivyo, mizabibu haikupaswa kuwapo hapa. Hoja yao ni kwamba mmea huu unahitaji majira ya baridi ili upukutishe majani, ulale, kisha uamke wakati wa joto na nguvu mpya. Ugogo hauna baridi ya namna hiyo. Mzabibu ukiachwa utaendelea kuota mwaka mzima bila utaratibu, tawi moja likichanua huku jingine likiiva, mpaka uchoke.

Kazi ambayo Ulaya hufanywa na majira, Dodoma hufanywa na mkasi. Mkulima akipogoa, matawi yanabaki mafupi, mmea unastuka, macho yanafunguka, na baada ya siku 120 hivi vishada vimeiva. Akipogoa Novemba, anavuna Machi. Akipogoa tena Aprili, anavuna Agosti au Septemba. Ndivyo Dodoma ilivyopata sifa ya kuvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Bordeaux hawezi kulifanya hata angekesha shambani. Mkulima wa Dodoma ana wenzake wachache duniani wanaoishi hivyo, na walio karibu naye zaidi kwa hali ya nchi ni wakulima wa bonde la Mto São Francisco huko Brazili, nyuzi 9 kusini, nao pia katika nchi kame ya miiba.

Misimu hiyo miwili hailingani, na hapa ndipo wengi wanaposifu bila kuangalia. Zabibu za Machi huiva mvua ikinyesha. Unyevu huleta ubwiriunga na ubwirivinyoya, magonjwa mawili ya ukungu yanayojulikana na kila mkulima wa mizabibu, na dawa za kuyazuia zina bei. Tunda hunywa maji likavimba na utamu hupungua. Zabibu za Agosti huiva katika ukavu na baridi ya usiku. Ni safi, zina sukari, na uchachu wake haujapotea. Kwangu mimi huo ndio msimu wenyewe wa Dodoma. Lakini tangu mvua ikome Aprili hadi Agosti, mmea hauna maji ila yale unayopewa. Mwenye kisima na mipira ya matone ana misimu miwili. Asiye na kisima ana mmoja, tena ule mbaya. Mstari unaowagawa wakulima wa Dodoma katika wenye nafuu na wasio na nafuu hupita chini ya ardhi, pale maji yalipo.

Maji ndiyo yaliyoiandika historia ya Ugogo tangu zamani. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ulipopumzika Mpwapwa, wapagazi walijua kinachofuata: nyika ya Marenga Makali, nchi ya maji ya chumvi, iliyobidi kuvukwa kwa haraka bila kisima cha kutegemea. Ng'ambo yake ndipo Ugogo ulipoanza, na hapo watemi wa Wagogo waliwangojea wageni na kudai hongo: nguo, shanga, waya wa shaba. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita 1871, na wote waliandika kwa uchungu juu ya ulafi wa Wagogo. Nawasoma kwa njia nyingine. Visima vya Ugogo vilichimbwa kwa mikono, vikalindwa kizazi kwa kizazi, na msafara wa watu mia kadhaa pamoja na punda wao uliweza kukimaliza kisima cha kijiji kwa siku moja. Hongo ilikuwa bei ya maji, na aliyeyalipia alikunywa.

Wagogo wenyewe walikuwa wamejipanga kulingana na nchi yao. Walilima mtama na uwele, nafaka zinazovumilia kukosa mvua wiki tatu bila kufa. Walifuga ng'ombe, mali inayoweza kutembea kuyafuata majani. Walijenga tembe, nyumba fupi za paa bapa la udongo, ambazo upepo wa nchi hauzing'oi. Hata jina la mji ni habari ya maji na udongo. Husimuliwa kwamba tembo alikwenda kunywa akazama kwenye tope asitoke, watu wakasema kwa Kigogo "idodomya", amedidimia, na mahali pakaitwa hivyo.

Wajerumani walikuja na reli. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na njiani ikauzaa mji wa Dodoma. Baada yake ikaja vita. Majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipita Ugogo kwa zamu, kila moja likichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakosekana. Njaa ya miaka ya 1918 hadi 1920 Wagogo wameipa jina, Mtunya, na jina hilo bado linatajwa na watu ambao hata babu zao walikuwa watoto. Haikuwa njaa ya ukame peke yake. Ghala lililokuwa likimpitisha Mgogo kwenye mwaka mbaya lilikuwa limekwisha kubebwa.

Mwaka 1947 Waingereza wakaleta mpango ambao bado unasomeshwa duniani kama mfano wa kutoisoma ardhi. Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, na London ikaamua karanga zilimwe Tanganyika kwenye zaidi ya ekari milioni tatu. Kituo cha kwanza kilikuwa Kongwa, mashariki ya Dodoma. Yakaletwa matrekta yaliyobaki vitani, na hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki. Mibuyu ilikataa kuanguka. Udongo, uliokuwa laini siku za mvua, uligeuka kuwa kama saruji jua lilipowaka, na karanga zikakwama ndani yake zisiweze kuvunwa. Mvua ikaja haba, kama inavyokuja siku zote. Mpango ulifungwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Mgogo yeyote wa Kongwa angeweza kuwaambia mambo hayo matatu kabla trekta la kwanza halijashushwa bandarini. Hakuulizwa.

Baada ya fujo hiyo yote, mzabibu ulifika kimya kimya. Masimulizi yanayorudiwa zaidi Dodoma huutaja mwaka 1957 na misheni ya Bihawana, nje kidogo ya mji upande wa barabara ya Iringa, na wamisionari Wakatoliki kutoka Italia. Walikuwa na haja iliyo wazi. Sheria ya Kanisa lao inataka divai ya Misa iwe ya tunda la mzabibu, ya asili, isiyoharibika; ya ndizi au ya mtama haifai hata ingekuwa nzuri namna gani. Parokia iliyo mbali na bandari ama iagize chupa kutoka ng'ambo, ama ipande. Watu waliotoka nchi ambako kila kijiji kina mizabibu walipanda. Mzabibu hauhitaji mbegu. Ni kijiti chenye macho matatu au manne, kinachochomekwa ardhini na kunyweshwa mpaka kishike. Mwaka huohuo bwawa la Hombolo lilijengwa kaskazini mashariki ya mji, na baadaye mizabibu ikaja kuufuata ukanda huo pia.

Nafikiri tofauti ya Bihawana na Kongwa imo katika kipimo chake. Kijiti kikifa, umepoteza kijiti, na umejifunza kwamba pale maji yalituama au mchwa walikuwepo. Unachomeka kingine hatua mbili mbele. Kwa mwendo huo ardhi ilipata nafasi ya kujibu. Jirani aliona tunda, akaomba kijiti, akakipanda nyuma ya tembe yake. Ng'ombe wa Wagogo, ambao wakoloni waliwaona kuwa mzigo kwa ardhi, wakawa ndio chanzo cha samadi ya kujaza mashimo ya mizabibu. Hakuna aliyelazimika kuacha mtama wake. Na kwa Wakristo wa Mpwapwa na Mvumi, ambako wamisionari Waanglikana walikuwa wamehubiri tangu karne ya 19, ule mzabibu wa mifano ya Injili, uliosikika miaka mingi bila kuonekana, sasa ukawa na majani ya kushikwa.

Uhuru ulipokuja, Ugogo ulikuwa bado unahesabiwa miongoni mwa sehemu maskini za nchi. Kahawa ilikuwa na Kilimanjaro na Bukoba, pamba ilikuwa na Usukuma, mkonge ulikuwa na Tanga. Dodoma haikuwa na zao la kuleta fedha. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma ikawakusanya Wagogo katika vijiji vya ujamaa, na Mwalimu Nyerere akashiriki mwenyewe kukijenga kijiji cha Chamwino. Mwaka 1973 TANU ikaamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Katika miaka hiyo ya maamuzi makubwa mizabibu nayo iliongezeka, kwa kuwa Serikali iliona kuna zao linaloweza kusimama katika ukame. Makutupora, kaskazini mwa mji kwenye barabara ya Arusha, kukawa na kituo cha utafiti wa zabibu, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Jina la mahali hapo limebaki kwenye aina ya zabibu inayojulikana na kila mkulima wa Dodoma: Makutupora nyekundu. Hukamuliwa mvinyo, na pia huliwa vilevile ilivyo, ndiyo maana mchuuzi wa stendi anaipenda. Kwa mvinyo mweupe, iliyotawala ni Chenin Blanc. Syrah, Cabernet Sauvignon na Aglianico ya kusini mwa Italia zimepata nafasi yake pia.

Mnunuzi wa zabibu hizo alikuwa kiwanda cha umma, DOWICO. Mvinyo wake ulijulikana nchi nzima, na wanywaji wa miaka ile husema waziwazi kwamba ulikuwa mkali na haukuwa na mwendo mmoja. Chupa hii nzuri, ile inayofuata siki. Sioni sababu ya kuuficha ukweli huo. Chupa zilikuwa za kuokoteza, vipuri vya mitambo havikupatikana, na fedha za kigeni zilikuwa hadithi. Hata hivyo kiwanda kilifanya jambo moja ambalo thamani yake tuliijua kilipoanguka: kilinunua. Miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipolegea na kuuzwa, mkulima wa Mpunguzi au Mbabala alibaki na vishada vilivyoiva na hakuna lori la kuvibeba. Wengine waliyaacha mashamba yaote magugu. Wengine waliing'oa mizabibu na kurudi kwenye mtama.

Miaka ya 2000 ikaleta watu wapya. Kampuni ya CETAWICO, yenye mizizi ya Kiitalia, ilijenga kiwanda Hombolo na kuleta aina za zabibu za kwao kama Teroldego na Marzemino. Tanzania Distilleries, watengenezaji wa Konyagi, waliingiza sokoni mvinyo wenye jina la Dodoma kwenye lebo. Wakafuata Watanzania wenye viwanda vyao, kama Alko Vintages. Chinangali, wilayani Chamwino, wakulima waliungana katika ushirika na kupanda shamba kubwa la mizabibu lenye umwagiliaji wa matone kwa mkopo wa benki, na mwaka 2023 Serikali ikaanzisha hukohuko shamba la vijana chini ya programu ya Jenga Kesho iliyo Bora. Ukisimama pembeni mwa mashamba hayo mwezi Julai, nguzo zimepangana hadi upeo wa macho, majani ni mabichi, na nje ya mstari wa mwisho wa mipira kila kitu ni rangi ya vumbi. Hapo ndipo utakapoelewa kwamba zao hili linahitaji maji kidogo, lakini linayahitaji kwa tarehe.

Katika biashara hii limezaliwa neno ambalo nalipenda sana: mchuzi. Dodoma, mchuzi wa zabibu ni mvinyo uliokwisha kuchachushwa lakini haujachujwa vizuri wala kutiwa kwenye chupa. Wasindikaji wadogo na vyama vya ushirika huukamua, huuweka kwenye matangi, kisha huuuza kwa viwanda vikubwa vyenye mitambo ya kujaza chupa. Neno ni la jikoni, na limefaa, kwa sababu mchuzi huo ndio unaomwokoa mkulima. Zabibu ya mvinyo haina subira. Ikishafikia sukari yake ina siku chache. Ndege wanaijua, nyuki wanaijua, na dalali anaijua kuliko wote. Mwenye gunia la alizeti anaweza kumwambia mnunuzi aende arudi mwezi ujao. Mwenye zabibu hana usemi huo. Mchuzi ukiwa ndani ya tangi safi unangoja miezi, na anayengoja huweza kubishana bei.

Kwa hiyo nasema bila kusitasita kwamba tangi lina faida kubwa kuliko mche. Kila kampeni ya kuhimiza watu wapande zaidi, isipoambatana na mahali pa kukamulia, inaongeza idadi ya wanaolia mwezi Machi. Tumeiona hali hiyo mara nyingi: kijiji kimevuna, viwanda vinasema matangi yamejaa, bei inashuka kila asubuhi, na jioni watoto wanalisha mbuzi vishada vilivyoanza kupasuka. Serikali imekwisha kushika sehemu moja ya jambo hili kwa upande wa kodi, kwa kuutoza mvinyo uliotokana kwa angalau asilimia 75 na malighafi ya ndani ushuru mdogo sana kuliko ule wa nje. Sehemu ya pili ni mikopo ya matangi kwa vyama vya msingi, ili mkulima wa ekari moja naye aweze kungoja.

Najua pia kwamba wasomaji wangu wengi hawanywi mvinyo, wengine kwa dini, wengine kwa hiari, na habari hii inawahusu hata hivyo. Mzabibu unatoa juisi, unatoa siki, unatoa tunda la mezani. Na unatoa lile tunda kavu tulilolipokea kutoka majahazini. Dodoma ina miezi saba ya jua na hewa isiyo na unyevu, yaani ina karakana ya bure ya kukaushia, na aina za zabibu zisizo na kokwa zinakubali kuota huko. Lakini ukiingia dukani Kariakoo, Mombasa au Dodoma kwenyewe, pakiti ya zabibu kavu unayopewa aghalabu imekuja kwa meli, kama ilivyokuwa siku za Sultani. Karne zimepita na neno zabibu bado linashuka bandarini likiwa limeanikwa na jua la wengine.

Limebaki jambo ambalo linanikosesha raha kuliko bei na ukungu. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ile ya 2022 iliwakuta 765,179. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kwamba sasa inahamia kweli, mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji, Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, na tangu 2024 treni ya umeme inamfikisha mtu kutoka Dar es Salaam kwa saa chache, safari iliyomchosha mpagazi kwa wiki nyingi. Nafurahi kwa yote hayo. Lakini mizabibu ya kwanza ilipandwa karibu na mji, kwa sababu ndiko kulikokuwa na misheni, visima na barabara. Miyuji, Veyula, Msalato, Bihawana: majina ambayo mzee aliyataja kwa mashamba, leo kijana anayataja kwa viwanja. Shamba la mizabibu hukaa karibu miaka mitatu kabla ya kutoa mavuno ya maana na huweza kuishi miongo kadhaa. Kiwanja hupimwa asubuhi na kuuzwa jioni. Udongo ule wa kichanga usiotuamisha maji, unaoupendeza mzabibu, unawapendeza wajenzi kwa sababu hiyohiyo.

Miji mingine duniani imelikabili jambo hili kabla yetu. Constantia, shamba la mizabibu lililokuwa maarufu kuliko yote Afrika, leo limezungukwa na nyumba za Cape Town, na kilichonusurika humo kimenusurika kwa kuwa watu waliamua kisijengwe. Naziomba mamlaka za jiji na mkoa zifanye uamuzi huo mapema: ziichore mizabibu ya Mpunguzi, Mbabala, Matumbulu na Hombolo kwenye ramani ya mipango miji kwa rangi yake, kama zinavyochora shule na barabara, na zilinde visima vinavyoinywesha. Naomba pia jina Dodoma kwenye chupa lilindwe kisheria, litumike tu kwa kilichovunwa katika ardhi hiyo.

Na wewe msomaji, ukipata safari ya kwenda huko, nenda Agosti. Ukishuka kituoni utawakuta kina mama na vijana wenye ndoo na sado za zabibu nyekundu, zilizokatwa alfajiri. Waulize zimetoka kijiji gani, kisha uwalipe bei waliyoitaja.